"Tuisheni Ticha Ananijua Jina": Watoto Wasemavyo Kuhusu Skuli na Masomo ya Ziada

Makala haya yameanzia kwenye hesabu ya pesa nyumbani kwangu. Mwisho wa mwezi niliketi na mama watoto tukapanga matumizi: kodi ya nyumba, stima, maji, nauli, ada ya madrasa, na tuisheni ya binti yetu aliye gredi ya tano. Nikasema tuisheni ndiyo ya kukatwa. Elimu ya msingi tunaambiwa ni bure, mtoto anakwenda skuli siku tano kwa wiki, basi kwa nini nilipe mara ya pili kwa somo lile lile? Nilidhani mtoto atafurahi, maana atapata wakati wa kucheza. Badala yake alinyamaza, machozi yakamlengalenga, kisha akasema: "Baba, usinitoe tuisheni. Kule ticha ananijua jina."

Nilikosa la kujibu. Binti huyu yuko katika shule ile tangu chekechea, na mwalimu wake wa asubuhi si mtu mbaya. Lakini neno lake lilinikaa moyoni kwa siku kadhaa.

Habari ya tuisheni tumeizungumza sana sisi watu wazima. Wizara inapiga marufuku, walimu wanajitetea, wazazi wanalalamika huku wanalipa. Anayeamshwa alfajiri na kurudi nyumbani usiku hatumuulizi. Na hali Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto anayeweza kuwa na maoni yake mwenyewe ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri wake. Basi nikaamua kuuliza. Kwa muda wa wiki mbili, barazani mwetu baada ya Alasiri na siku za Jumamosi, nilizungumza na watoto wa mtaani wa gredi ya nne hadi ya sita. Hawafiki ishirini, wala sidai kuwa huu ni utafiti. Lakini waliyoyasema yalifanana mno, na nadhani wewe pia utayatambua.

Tuisheni ni nini hasa?

Kwanza tufahamiane, maana neno ni moja na mambo ni mengi. Iko tuisheni inayofanyika shuleni penyewe, asubuhi kabla ya kengele au jioni baada ya masomo, na mwalimu ni yule yule wa darasani. Iko ya mtaani, ambapo mwalimu au kijana aliyemaliza kidato cha nne hukusanya watoto kumi au kumi na watano sebuleni, mkekani, ubao ukiwa umepigiliwa ukutani. Iko ya mwalimu kumfuata mtoto mmoja nyumbani kwao, na hii ni ya wenye uwezo. Na iko ya likizo, ambayo sheria imeikataza waziwazi.

Jambo hili si la Pwani peke yake wala la Kenya peke yake. Mtaalamu Mark Bray aliandika kitabu mwaka 1999, kilichotolewa na taasisi ya mipango ya elimu ya UNESCO iliyoko Paris, akaiita tuisheni elimu ya kivuli. Alimaanisha kwamba kivuli hufuata mwili. Shule ikibadilika na tuisheni hubadilika, shule ikipanuka na yenyewe hupanuka. Ukitaka kujua mwili una kasoro gani, unaweza kutazama kivuli chake. Na wanaokiona kivuli hiki kwa karibu zaidi ni watoto.

Wanachokipenda kule

Nilitarajia waniambie kwamba tuisheni wanafundishwa mambo mapya au wanapata alama nyingi. Wachache walisema hivyo. Wengi walisema mambo ya namna nyingine kabisa.

Kijana wa gredi ya sita aliniambia: "Ami, skuli ukikosea darasa zima linakucheka. Tuisheni sote tumekosea, ndiyo maana tuko pale." Msichana wa gredi ya nne alisema kule anaweza kuuliza swali moja mara mbili. Mwingine akasema kazi za nyumbani zinamshinda, mamake hajui pa kuanzia na babake hurudi usiku, kwa hivyo tuisheni ndipo anaposaidiwa ili asubuhi asisimamishwe mbele ya darasa.

Na liko moja walilolisema karibu wote, ambalo wazazi hatulitaji: lugha. Kwa sera ya elimu nchini, mtoto husomeshwa kwa lugha ya eneo lake katika madarasa ya chini, hadi gredi ya tatu. Kuanzia gredi ya nne Kiingereza ndicho kinachosomeshea masomo karibu yote. Kwa mtoto wa Kiswahili hapo ndipo ukuta unapoanza. Jana alikuwa mwerevu wa hesabu, leo swali la hesabu limekuwa hadithi ndefu ya Kiingereza na yeye anaonekana mzito. "Tuisheni ticha akiona hatujafahamu anatueleza kwa Kiswahili," alisema binti mmoja. "Halafu ndio naona kumbe ilikuwa rahisi."

Sikiliza maneno hayo vizuri. Mtoto hakusema somo ni jipya. Amesema somo ni lile lile, tofauti ni kwamba kule limemfikia.

Hesabu ya sekunde 35

Kwa nini asubuhi halimfikii? Tusiharakishe kumlaumu mwalimu. Kipindi kimoja katika gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Chukua darasa la watoto 60, ambalo kwa shule nyingi za umma mijini si la ajabu. Mwalimu akiacha kufundisha kabisa, akaamua kumpa kila mtoto sehemu yake sawasawa, kila mmoja atapata sekunde 35. Hapo hajaandika ubaoni wala kusahihisha daftari. Sasa chukua kikundi cha tuisheni cha watoto kumi kwa saa moja. Kila mtoto ana dakika sita. Mwalimu anaweza kuwa ndiye yule yule mmoja, ila mtoto amepata sehemu yake mara kumi zaidi.

Mwaka 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki ilipoondoa karo katika shule za msingi, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 6 hadi zaidi ya milioni 7 katika mwaka mmoja. Lilikuwa jambo la kheri kubwa, na wako watu wazima leo wanaosoma makala haya kwa sababu ya uamuzi ule. Lakini madarasa na walimu hawakuongezeka kwa kasi ile. Mlango ulifunguliwa wazi, nyumba ikabaki ndogo. Tuisheni ikapata nafasi ya kukua katika msongamano huo.

Wanachokipenda skuli

Mgala muue na haki umpe. Watoto hawa hawa, nilipowauliza kama wangependa shule ifungwe na wabaki na tuisheni tu, walinitazama kama niliyepotewa na akili. Hakuna hata mmoja aliyekubali.

Skuli ndiko waliko marafiki. Skuli kuna mpira, kuna nyimbo, kuna kuchora na kazi za mikono, kuna mambo ya mtaala huu wa umilisi ambayo sisi wazazi tunayalalamikia kwa sababu ya kununua manila na gundi, lakini wao wanayapenda. "Skuli kuna mambo, tuisheni kuna ubao tu," alisema mvulana mmoja. Mwingine alisema kitu kizito bila kujua: "Skuli hata kama sina pesa naingia."

Kwa hivyo mtoto anatofautisha vizuri kuliko tunavyodhani. Shule kwake ni mahali pa kuwa mtu miongoni mwa watu. Tuisheni ni mahali pa kufahamu. Msiba ni kwamba mambo haya mawili yametenganishwa, na la pili limetiwa bei.

Wanachokichukia

La kwanza ni uchovu. Tupige hesabu ya siku ya mtoto wa Pwani. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika 45. Mtoto wa kwetu akitoka hapo yuko chuoni hadi karibu na Magharibi. Akisali na kula, saa moja na nusu yuko tuisheni, anarudi saa tatu. Kisha kuna kazi ya nyumbani. Alfajiri anaamshwa tena. Mtu mzima akiwekewa ratiba hii atakwenda kulalamika kwa chama cha wafanyakazi.

Kitu cha kwanza kuliwa na tuisheni ni mchezo. Cha pili ni usingizi. Cha tatu, na hili tulizungumze wazi, ni madrasa. Wasichana wawili waliniambia wameacha kwenda chuoni siku za wiki kwa sababu saa zimegongana, na mmoja alisema kwa aibu kwamba alikuwa amefika mbali katika msahafu na sasa anasahau. Mzazi aliyemtoa hakudharau dini. Aliogopa mtihani tu.

La pili wanalolichukia ni kurudia. "Ticha asubuhi anatupa zoezi, jioni anatupa zoezi lile lile, halafu tunalipa," alisema kijana mmoja, na wenzake wakacheka. La tatu ni siri. Wale waliowahi kwenda tuisheni ya likizo walisimulia kuwa waliambiwa waje na nguo za nyumbani, wasivae sare, na wakiulizwa njiani waseme wanakwenda kucheza. Hebu fikiri: mtoto anapelekwa kutafuta elimu, na somo la kwanza analofunzwa ni kusema uongo.

Sheria inasema nini

Mwaka 2012 waziri wa elimu wakati huo, marehemu Mutula Kilonzo, alitangaza marufuku ya tuisheni ya likizo. Mwaka uliofuata Bunge likaiweka katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 37: hakuna mwanafunzi atakayelazimishwa tuisheni ya likizo, na anayevunja sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Juu ya sheria hiyo iko Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Basi kwa nini tuisheni haijaondoka? Kwa sababu sheria imekataza kivuli bila kuutengeneza mwili. Mtoto aliyekosa kufahamu asubuhi bado hajafahamu, iwe kuna marufuku au hakuna.

Na iko sababu ya pili, ambayo ni hofu yetu wazazi. Sisi tulikulia katika KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku tatu ziliamua maisha ya mtu, na alama zilitangazwa mtaani. Mtihani umeondoka, hofu imebaki. Leo mtoto wa gredi ya sita anafanya KPSEA, ambayo ni asilimia 40 tu ya tathmini yake. Asilimia 60 zinatokana na kazi zilizopimwa shuleni katika gredi ya nne, ya tano na ya sita, asilimia 20 kila mwaka. Ukitazama vizuri, mpango huu unasema: kinachofanyika darasani kila siku ndicho kizito. Lakini sisi bado tunamkimbiza mtoto jioni kana kwamba kuna siku moja tu ya hukumu.

Hatari iliyo kubwa kuliko uchovu

Nimeacha maneno ya mtoto mmoja hadi hapa kwa sababu yalinilaza macho. Ni mvulana wa gredi ya tano, mamake anauza mahamri, tuisheni hawaimudu. Nilimuuliza kama anatamani kwenda. Akasema: "Ticha akisema hii tutaimaliza jioni, mimi najua sitaimaliza."

Hapo ndipo penye jeraha. Mwalimu anapofundisha watoto wale wale asubuhi kwa mshahara na jioni kwa malipo, hata akiwa mwaminifu, kuna mvuto wa kuacha kitu cha jioni. Anaweza kuacha mfano mmoja tu, au swali gumu moja. Watoto wanaolipa hawaoni kitu. Asiyelipa anaona kila siku. Anajifunza kwamba somo la asubuhi ni nusu, na nusu ya pili ni ya wenye pesa. Anajifunza hayo akiwa na miaka kumi, ndani ya shule ya umma, ambako kwa mujibu wa Katiba yeye na mwana wa tajiri ni sawa.

Sisemi walimu ni wabaya. Ninawajua walimu wanaowasaidia watoto jioni bila kuchukua hata senti, na ninawajua wanaochukua kwa sababu mshahara hauishi mwezi. Lakini fundi wa nyumba akiacha tofali moja kwa makusudi ili alipwe siku ya pili, nyumba ndiyo inayoingia mvua.

Tuliwahi kuwa na dawa yake

Watu wa Pwani tuna jambo la kukumbuka. Wengi wetu tulisomea chuoni kabla hatujajua skuli. Chuo kilikuwa kimejaa watoto, wakubwa kwa wadogo, kelele tupu. Lakini kila mtoto alikuwa na zamu yake. Unakwenda mbele ya maalim na juzuu yako, unamsomea pale ulipofika wewe, si pale alipofika mwenzako. Ukikosea anakurudisha. Ukijua anakusogeza. Waliotangulia waliwashika wadogo mkono, wakawasomesha alifu na be wakati maalim akiwasikiliza wengine. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri, maana bakora nayo ilikuwa karibu. Lakini hakuna mtoto ambaye maalim hakujua amefika wapi.

Kile watoto wetu wanachokitafuta tuisheni ni hiki hiki: zamu yao. Hakihitaji kununuliwa chote. Shule inaweza kuwapanga watoto wa gredi ya sita wawasikilize wa gredi ya tatu wakisoma, robo saa kwa siku. Mwalimu anaweza kuwa na orodha, kila kipindi akawaita watoto watano tofauti, ili kufikia mwisho wa wiki kila mmoja awe amesema kitu. Anaweza kueleza neno gumu kwa Kiswahili kisha akarudi kwenye Kiingereza, na hapo hajaiharibu sera bali ameifikisha. Misikiti na madrasa zetu zina kumbi zinazokaa tupu usiku, na mtaa una vijana waliomaliza kidato cha nne ambao wanasubiri matokeo au kazi. Jioni mbili kwa wiki za kusaidia kazi za nyumbani, wazi kwa kila mtoto, zingemfikia yule mwana wa muuza mahamri bila kumuuliza pesa.

Na wazazi tulio katika bodi za shule, tukikutana tusizungumzie choo na lango peke yake. Tuulize: walimu wangapi wamepungua? Darasa kubwa kuliko yote lina watoto wangapi? Kuna somo linaloachwa la jioni?

Nilichoamua

Binti yangu sikumtoa. Tulikubaliana aende siku mbili badala ya tano, na siku nyingine arudi chuoni na kucheza. Kisha nikaenda kumuona mwalimu wake wa asubuhi. Sikwenda kugomba. Nilimuomba kitu kimoja, amwite mtoto kwa jina mara moja kwa wiki na amuulize swali. Mwalimu alicheka kidogo, halafu akanyamaza. Akaniambia: "Baba, nina watoto 72. Nitajaribu. Lakini wewe nawe utujaribie kule juu, tupate mwalimu mwingine." Niliona haki yake. Deni lake na deni langu ni moja.

Ndugu mzazi, usiku wa leo baada ya kula, zima simu dakika kumi umuulize mwanao maswali matatu. Lini mwisho uliulizwa swali darasani? Ni kitu gani hufahamu skuli na ukakifahamu tuisheni? Na kama hukwenda tuisheni, kuna kitu unakikosa? Usimkatize wala usimkaripie. Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha kama unalipia ziada, au unalipia kile alichostahili kupewa asubuhi bure.